Tupeane uzoefu: mgonga kengele wetu alikuwaje shuleni?

Poleni tena, ndugu zangu. Jumamosi tulipomzika Lang'ata (wazee wa kwao walitaka apelekwe ushago, mkewe akashikilia alale karibu na watoto), msomaji wa wasifu alifika kwenye masomo akasema: "Alijiunga na shule ya upili mwaka 1994, akamaliza 1997." Akarukia ndoa. Miaka minne ya githeri yenye wadudu, mstari mmoja! Tukinawa mikono tule, binti yake mkubwa akaniuliza, "Anko, Baba alikuwaje shuleni?" Nikamjibu, "Alikuwa mtu mzuri sana." Hilo ni jibu la mtu asiyemjua, na limeniuma tangu siku hiyo. Basi kila mmoja alete kisa chake, nikiandike nimpelekee. Hata vya aibu leteni. Sifa za makaburini ameshazisikia.

Naanza. Yeye ndiye aliyegonga kengele, ile reli iliyoning'inia kwenye mkaratusi. Julai, baridi ikiuma mpaka kwenye meno, aliichelewesha dakika tano ili tulale. Mwalimu wa zamu alipomuuliza, akasema saa yake pia ilikuwa imelala. Alifyeka nyasi wiki nzima. Wiki iliyofuata akatuchelewesha dakika nne.

Wa Donholm: Haikuwa reli, ilikuwa ringi ya lori. Mimi niliingia 1995 nikiwa mono, yaani wa kidato cha kwanza, na wakubwa walitupokea kwa kutubebesha maji. Yeye alinifungulisha sanduku, akaitazama sukari yangu, akasema, "Nusu nipe nikuwekee. Hiyo nyingine wacha waibe." Nilijua nimeshaibiwa tayari. Katikati ya muhula, mamono wote wanakunywa uji mkavu, akanirudishia kopo langu. Lilikuwa limepungua kidogo, sitadanganya.

Wa Rongai: Mimi nilikuwa na kinyongo naye. Kidato cha tatu aliniripoti kwamba nimeruka ua usiku, nikatumwa nyumbani wiki mbili. Hatukusemezana tena. Tulimaliza KCSE mvua ya El Niño ikitupiga getini, akapanda gari lake, nami langu, bila kwaheri.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya utarishi karibu na barabara ya Haile Selassie. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, nilikuwa nimetumwa barua Industrial Area. Nilirudi mjini mbio kuwatafuta wenzangu wa ofisini, na huko nikashinda mpaka giza likaingia. Nyumbani Makadara hatukuwa na simu. Nilipofika usiku nikamkuta amekaa jikoni na mama yangu, chai imepoa mbele yao wote wawili. Alikuwa ametoka Kariobangi kwa miguu kuuliza kama nimerudi, na alipoambiwa bado, akakataa kuondoka. Aliponiona akasimama, akasema, "Haya, sasa naweza kwenda." Akaenda. Yale ya ua hatukuyataja kamwe, wala yeye hakuomba radhi, wala mimi sikudai. Juzi nilipompigia mama kumpa habari, alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama yule kijana alikuwa ameacha watoto.

Wa Kayole: Aliimba vibaya! Kwaya ilimpa kubeba ngoma, kuipiga hakuruhusiwa.

Wa South B: Mimi sikusoma nanyi, ni mume wangu. Lakini huyu baba nilikuwa nikimkuta Kenyatta Market, Jumamosi mkewe akiwa kazini. Wanaume huwaacha watoto kwa wasusi, wakapita moja kwa moja kwenye nyama choma. Yeye alivuta kigoda, akakaa kati ya mabinti wawili, akimpasulia msusi nywele za kuongezea kama aliyeajiriwa. Nyama aliletewa pale pale, robo, akawalisha huku vichwa vimeinamishwa. "Hapo umemvuta, mama, legeza kidogo." Na msusi analegeza! Nikamuuliza kwa nini asiende zake arudi baadaye. Akasema, "Nikienda watalia. Nikikaa watalia pia, lakini angalau wana wa kumlaumu." Mume wangu nilimsimulia hayo mara nyingi, mpaka akanikataza.

Wa Embakasi: Huyo wa Donholm amekosea. Ringi ililetwa tukiwa kidato cha nne, baada ya reli kuibwa.

Wa Donholm: Ndugu, mimi nilioshishwa vyombo chini ya ile ringi mwaka 1995. Usinifundishe.

Mwanzilishi: Wazee, nitaandika "chuma", mpatane. Jana jioni nilimsomea binti hivi vilivyofika. Kwa Kenyatta Market alicheka, akasema bado kuna upande mmoja wa kichwa unaomuuma. Kwa Makadara aliniomba nirudie. Halafu akaniuliza swali, na nimeahidi kumpelekea jibu: wa Donholm, ile sukari ilipungua vijiko vingapi?

Wa Donholm: Mwambie vinne. Vitano, kama alikuwa na kijiko chake kile kikubwa.