Sungura wangu amezaa bila kutarajiwa: niwabakishe watoto wote?

Mwenye Pamba:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaomba ushauri kuhusu jambo lililotukuta nyumbani bila kujiandaa. Miezi mitano iliyopita tulichukua sungura wawili wadogo, tukaambiwa kwamba wote ni majike wa tumbo moja, na kwa kuwa hatukuwa na uzoefu wa kuwakagua, tuliamini. Tukawaita Pamba na Karafuu. Siku tisa zilizopita, alfajiri, nilipokwenda kuwabadilishia maji nilikuta manyoya meupe yamerundikana kwenye kona ya banda, nikadhani wamepigana usiku. Nilipoinama nikaona lile rundo linatikisika. Chini yake kulikuwa na watoto sita wasio na nywele, macho yamefumba, kila mmoja urefu wake haufiki kidole changu cha kati, na mmoja wao alikuwa ameshapoa.

Kumbe Karafuu ni dume. Ilituchukua siku tatu kulitambua hilo na kumhamishia kwenye banda lake. Watoto watano waliobaki wanaonekana wazima na sasa wameota manyoya mafupi, ila sijamwona mama yao akiwanyonyesha hata mara moja, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Swali langu kubwa ni hili: tuwabakishe au tuwagawe? Wanangu wawili wameshawapa majina wote watano. Mume wangu anasema tuliahidiana sungura wawili, na anayetaka saba ajiandae kuwafagilia mwenyewe. Jamaa yetu mmoja ameshauri tuwaachie porini wakishapata nguvu, kwa maelezo kwamba sungura ni mnyama wa porini hata hivyo. Mimi nimekaa katikati, na ninapenda kusikia kutoka kwa waliowahi kufikwa na hali hii.

Mzee wa Banda:

Pole na hongera kwa pamoja, dada yangu. Nianze na kinachokunyima usingizi. Sungura hakai na watoto wake kama paka au mbwa. Huingia kiotani mara moja au mbili tu kwa siku, mara nyingi usiku au karibu na mapambazuko, akawasimamia dakika tatu hadi tano, kisha akaondoka kana kwamba hawajui. Kwa hiyo usimtazame mama, tazama matumbo. Nawa mikono, chukua mtoto mmoja asubuhi na mapema, umlaze chali kiganjani: aliyeshiba tumbo lake ni la mviringo, limetuna na ngozi imejaa, na asiyenyonya ana mikunjo ubavuni na hutapatapa unapomgusa. Usiogope kuwashika, kwa kuwa sungura wa kufugwa aliyekuzoea hawatupi watoto wake kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Chunga zaidi asiwepo aliyedondoka nje ya kiota, maana mama yake hatambeba kumrudisha, naye atakufa kwa baridi hata akiwa na tumbo lililojaa. Kesho au keshokutwa wataanza kufumbua macho.

Sasa niingie kwenye swali lako, ingawa ninaona umeliuliza kabla ya swali jingine lililo kubwa zaidi. Umesema Karafuu alikaa na Pamba siku tatu baada ya kuzaa. Sungura jike hana siku maalumu za kuhitaji dume kama wanyama wengine. Kule kupandwa ndiko kunakoyafanya mayai yake yashuke, na anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kujifungua, hata akiwa ananyonyesha. Mimba yake ni ya siku 31 hivi, ikipungua 28, ikizidi 32. Piga hesabu kuanzia usiku aliojifungua utaona kwamba huenda mzao wa pili ukafika hawa watano wakiwa na mwezi mmoja tu. Kabla ya kukubaliana nyumbani kuhusu sungura saba, mpeleke Pamba kwa daktari wa mifugo kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne tangu ashukiwe kupandwa, kwa sababu katika siku hizo mkono uliozoea huweza kuzihisi mimba tumboni. Usijaribu kumbinya mwenyewe.

Nyasi Kavu:

Ninaunga mkono aliyosema Mzee, ila mimi nitazungumzia kuwabakisha wote, kwa kuwa niliwahi kufanya hivyo. Walikuwa saba, na wiki kumi za mwanzo sikuwahi kufurahia mnyama kama nilivyowafurahia wale. Wakifika wiki ya tatu wanatoka kiotani, wanarukaruka kama bisi kwenye sufuria, wanalala juu ya mgongo wa mama yao, na hapo hapo ndipo mtu mzima mwenye akili zake timamu anapofanya uamuzi mbaya. Ninakuonya mapema: usiamue chochote katika wiki ya tatu.

Kilichofuata ni hiki. Wanne kati yao walikuwa madume. Walipokaribia miezi minne, ndugu waliokuwa wakilambana masikio walianza kufukuzana kwa duara, wakikojoleana, na siku moja nilimkuta mmoja sikio limechanika na mwingine ana jeraha mahali ambapo dume yeyote asingependa kujeruhiwa. Nililazimika kuwatenganisha siku ile ile, na kwa kuwa sikuwa nimejiandaa, nyumba nzima iligeuka vibanda: vyombo vya maji sita, marundo sita ya nyasi kavu, na ratiba ya nani atoke kucheza saa ngapi ili asikutane na nani. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka minane hadi 12. Wanao wakiwa na miaka minane leo, basi mnazungumzia wanyama ambao wanaweza kuwa hai mpaka watoto hao wawe watu wazima, na ninaomba radhi kwa kusema wazi, lakini atakayefagia katika miaka hiyo yote si aliyewapa majina.

Kwa maoni yangu, bakisheni wale tu ambao mna nafasi ya kumtenga kila mmoja siku watakapogombana. Kama mabanda yanayowezekana ni manne, sungura wenu ni wanne, na wazazi nao wahesabiwe humo humo. Mnaowatoa, watoeni wawiliwawili kwa mtu mmoja ikiwezekana, kwa kuwa sungura wa peke yake hunyong'onyea, na wawili waliokwisha kuzoeana humrahisishia kazi anayewapokea. Muulize anayewataka anawataka kwa kazi gani, tena uulize bila haya. Wapo wanaochukua watoto wa sungura kwa ajili ya kulisha nyoka, na si wote watakaokuambia usipouliza.

Mhudumu wa Mifugo:

Ninaongeza machache yanayohusu afya, kwa sababu yanaweza kubadilisha hesabu zenu.

La kwanza ni Karafuu. Ahasiwe, iwe mmebakisha watoto au hamkubakisha. Hata hivyo, baada ya kuhasiwa mbegu zilizosalia kwenye mirija zinaweza kumpa jike mimba kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo asirudishwe kwa Pamba siku anapotoka kwa daktari, jambo ambalo ninaliona likitokea mara nyingi kuliko mnavyodhani. Pamba naye, atakapomaliza kunyonyesha na mwili wake kurudi, ninashauri aondolewe kizazi. Sababu si kuzuia mimba peke yake: saratani ya mji wa mimba ni ugonjwa wa kawaida mno kwa majike wasioondolewa kizazi, hasa wakishavuka miaka mitatu au minne.

Kuhusu watoto, wasitoke nyumbani kabla ya wiki nane. Tumbo la sungura anayeachishwa ziwa halina uvumilivu. Vijidudu vinavyosaga nyasi humo ndani bado havijatulia, na mabadiliko ya ghafla ya chakula, pamoja na hofu ya nyumba mpya, huleta kuhara kunakoweza kumwua mtoto kwa siku moja. Wapeni nyasi kavu bila kipimo tangu watakapoanza kutafuna, na anayewachukua apewe kiasi cha chakula kile kile walichozoea. Wakifika wiki nane waleteni wakaguliwe jinsia, kisha warudiwe tena wiki ya 10 hadi 12 wakati korodani zinaposhuka, kwa maana kosa lililofanyika kwa Karafuu hufanywa hata na wafugaji wazoefu. Kuanzia wiki ya 12 madume yakae mbali na majike, na hapo ninawajumlisha mama na binti zake, kwa kuwa sungura hawajui undugu. Kwa vile wazazi ni ndugu wa tumbo moja, watoto hawa wasizalishwe kabisa, na kila wanapoonwa na daktari yaangaliwe meno. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na taya lisilokutana vizuri, ambalo huweza kurithiwa, humfanya ashindwe kula.

Kuhusu porini, mwambieni huyo jamaa kwa heshima kwamba hapana. Sungura aliyezaliwa bandani hajazoea kujificha wala kujihifadhi, na yule mweupe huonekana toka mbali kama taa. Na pale ambapo huponea, huwa balaa la aina nyingine: Australia bado inahangaika na kizazi cha sungura walioachiwa na mwenye shamba mmoja mwaka 1859, ambao hawakuzidi 24.

Mwenye Pamba:

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Matumbo niliyakagua kesho yake alfajiri kama Mzee alivyoelekeza, na yote matano yalikuwa yametuna kama ndimu ndogo. Mmoja alinikojolea kiganjani, nikachukua hiyo kuwa ni dalili njema. Macho yamefumbuka.

Jana tulikwenda kwa daktari. Alimpapasa Pamba taratibu, akanyamaza kidogo, kisha akasema anahisi vitu kama gololi, na kwamba si chini ya vinne. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tumekubaliana hivi: Karafuu atahasiwa wiki ijayo, Pamba ataondolewa kizazi atakapomaliza malezi ya mzao huu wa pili, na katika watano hawa tutabakisha wawili wa jinsia moja ambao wanangu watawachagua wiki ya nane, si kabla. Mzao unaokuja wote utagawiwa, na hautapewa majina. Nimeshapata jirani mwenye sungura mmoja jike aliyehasiwa ambaye yuko tayari kuja kuwaona.

Nina swali moja lililobaki. Mzao wa pili ukija, hawa watano watakuwa na mwezi mmoja na bado wananyonya. Nifanyeje?

Mzee wa Banda:

Hapo hutapata jibu la kupendeza, utapata lenye madhara kidogo. Siku tatu nne kabla ya tarehe ya kuzaa, watenge watano hao kwenye banda lao, wote pamoja, wakiwa na kitambaa chenye harufu ya mama yao na nyasi zile zile. Katika umri huo wanaweza kuishi kwa chakula cha kawaida, ingawa si umri ambao ningeuchagua, kwa hiyo wapimwe uzito kila siku kwenye mizani ya jikoni na uandike. Atakayesimama bila kuongezeka siku mbili mfululizo apelekwe kwa daktari. Ukiwaacha na mama yao, wataingia kwenye kiota kipya na kuwakanyaga wachanga, au kunyonya maziwa yasiyo yao. Mpe Pamba sanduku jipya lenye nyasi siku ya 27, ukihesabu kuanzia usiku aliojifungua, na Karafuu awe upande wa pili wa nyumba kabisa.