Frateri na vitabu vya wapagani

*FAMILIA YA BABU*

*Shangazi Mama Glory:* Shikamooni wakubwa. Jana nimepita kwa kaka nimekuta kitabu cha Frateri mezani, cha Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki wa kale. Huyu mtoto si tulimpeleka akasomee upadri jamani, wapagani wameingiaje tena hapo

*Baba Frateri:* Ndo utaratibu wao dada. Kanisa linataka falsafa miaka 2 kwanza, alafu teolojia 4. Akitoka seminari ya falsafa Ntungamo ndo aende ya teolojia, Segerea au Kipalapala

*Shangazi Mama Glory:* Wakolosai 2:8. "Angalieni mtu asiwafanye mateka kwa elimu yake ya bure ya madanganyo matupu". Mi sijaongeza neno

*Frateri:* Shikamoo shangazi 🙏 Ila Paulo huyohuyo Matendo 17 yuko Athene anajadiliana na Waepikureo na Wastoiko, wanafalsafa wa Kigiriki hao, tena anawanukulia mshairi wao, "sisi sote tu wazao wake". Mshairi mwenyewe mpagani na mstari wake umo kwenye Biblia yako

*Shangazi Mama Glory:* Marahaba. Na si wakamcheka? Alivyofika Korintho akasema hataki kujua neno lolote ila Yesu Kristo aliyesulubiwa. 1 Kor 2:2

*Dada Neema:* 😂😂 Frateri jibu hiyo, walokole wanasoma Biblia sio mchezo

*Frateri:* Hahaa sawa. Lakini walicheka wengine tu shangazi, Dionisio Mwareopago, mtu wa baraza la Athene, aliamini palepale. Na kingine, Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa, akiuliza kama Mungu yupo haanzi na ndiyo, anaanza na hoja za wanaosema hayupo na anazipanga vizuri kuliko wao wenyewe, ya kwanza anasema kama Mungu ni wema usio na mwisho basi uovu usingekuwepo kabisa, na mbona upo, ya pili anasema vitu vyote si vinajieleza vyenyewe kwa maumbile na akili ya mtu, Mungu wa nini sasa. Huyo ni mtakatifu anaandika hayo, miaka ya 1260 huko

*Mjomba Deo:* Ya uovu alijibuje

*Frateri:* Kwa maneno ya Mtakatifu Agostino, askofu wa zamani, kwamba Mungu asingeruhusu uovu kama asingeweza kutoa wema ndani yake

*Mjomba Deo:* Mi siku tunamzika mama ungeniambia hivyo ningekufukuza msibani

*Frateri:* Ungefanya sawa mjomba. Agostino mwenyewe alivyofiwa na mama yake, Monika, mwaka 387, alijikaza mazikoni asilie, baadaye akiwa peke yake kitandani akalia mpaka basi, na akaandika kwamba anayetaka kumcheka asimcheke. Kichwa chote kile na bado alilia

*Mjomba Deo:* Hapo sawa

*Shangazi Mama Glory:* Hapo hata mimi nimemwelewa. Ila kwa Aristotle sijatoka

*Babu:* Mmeniamsha na simu inalia tiritiri. Frateri umetaja hoja mbili umejibu moja. Ile ya pili?

*Frateri:* Shikamoo babu 😅 ile ya pili bando imebaki kidogo

*Dada Neema:* Nimekurushia MB 500 sasa hivi, jibu