Bosi anataka dashibodi ya miradi kwenye Redmine, bajeti sina na developa ni wa kuazima, nianzie wapi?

Mratibu_Miradi
Wakuu habari za kazi. Naombeni msaada maana hapa nilipofika nimekwama kabisa. Tuko watu 11, miradi 6 inakwenda kwa pamoja, kazi zote tunaziandika Redmine (mfumo wa kufuatilia miradi na kazi), na iko kwenye kaseva kadogo ka ramu 2GB humu humu ofisini, nje haionekani. Sasa bosi anataka dashibodi, afungue asubuhi aone "kila kitu" bila kunipigia simu, kasema hivyo tu. Mimi kila Ijumaa napakua CSV (faili la data la kufungulia kwenye spredishiti) naiunganisha unganisha kwenye spredishiti mpaka jioni, na Jumatatu ikifika ripoti imeshapitwa na wakati, watu wameshahamisha kazi. Developa tunaye mmoja, yuko kwenye kazi za wateja, nikimpata sana ni masaa mawili matatu kwa wiki. Hela ya softiwea nyingine haipo. Nimeona plugini (vipande vya kuongezea kwenye mfumo) za dashibodi za bure, zinavutia kweli, nifunge mojawapo au tujenge yetu?

Jedwali_Kavu
Mkuu kabla hujafunga plugini angalia toleo la Redmine yako, halafu angalia mwenye plugini aliigusa lini mara ya mwisho. Redmine imeandikwa kwa Ruby on Rails, yaani ndiyo msingi iliyojengewa, toleo kubwa likibadilika mara nyingi na Rails iliyo chini inabadilika, sasa plugini iliyotelekezwa inaweza kuangusha mfumo mzima ukakataa kuwaka. Yamenikuta. Tulikuwa na plugini 4 na hakuna aliyekuwa ameandika popote zilifungwa lini wala kwa nini, siku ya kuapdeti tukakaa siku mbili hatuna mfumo, tunazitoa moja moja kutafuta mkorofi. Ukiamua kufunga, bekapu ya databesi na folda la mafaili kwanza, halafu jaribu kwenye kopi.

Dada_wa_Ripoti
Mimi ningeanza na hilo neno "kila kitu", maana hakuna mtu anayeweza kukujengea kila kitu. Kaa na bosi nusu saa, muulize wiki iliyopita alikupigia kuuliza nini, na baada ya kujibiwa alifanya nini. Swali ambalo jibu lake halikumfanya achukue hatua yoyote liache pembeni. Kwetu yalibaki matatu tu: nini kimechelewa, nani kazidiwa, na nini kimekaa muda mrefu bila kuguswa. Na hayo yote Redmine inayajibu bila plugini: unachuja tiketi (kila kazi iliyoandikwa humo ni tiketi) zilizo wazi ambazo tarehe yake imepita, nyingine unazipanga kwa mhusika, nyingine ni zile ambazo hazijaguswa zaidi ya siku 7. Unazihifadhi kama hoja, yaani vichujio vilivyohifadhiwa, za watumiaji wote, kila mtu anaziweka kwenye ukurasa wake binafsi. Developa humhitaji.

Mratibu_Miradi
Asante sana dada, hoja nimeziweka jana na zinafanya kazi. Shida ukurasa ule kila mtu anapanga wa kwake, na bosi anataka pia kuona mwenendo, yaani zilizochelewa zinaongezeka au zinapungua wiki hadi wiki, na Redmine naona inanipa hali ya leo tu. Nikawaza nitumie Google Sheets na Apps Script (skripti za Google) ivute data kwa API, yaani mlango wa programu kuongea na Redmine, kila asubuhi. Mnaonaje?

Fundi_wa_Kroni
Apps Script inakimbilia kwenye mashine za Google, na seva yako umesema iko ndani, kwa hiyo haitaifikia. Na tafadhali usiifungue kwa dunia nzima kwa ajili ya grafu.

Kwa hali yako ningeweka skripti ndogo hapo hapo kwenye seva, kroni (kiratibu cha seva cha kuwasha kazi kwa saa) iiwashe kila asubuhi, ivute data itengeneze ukurasa mmoja wa HTML wenye paswedi, basi, ramu haitahisi kitu. Mkitumia API, admini aiwashe kwanza kwenye mipangilio, halafu kuna mambo mawili yanawapata wengi. Kwanza usipotaja kiwango inakupa tiketi 25 tu, na ukitaja mwisho ni 100 kwa ombi moja, inabidi usogeze kwa offset (namba ya tiketi ngapi za kuruka) mpaka ziishe. La pili ndilo baya zaidi kwa sababu halitoi kosa lolote: bila kuandika status_id=* inaleta tiketi zilizo wazi peke yake. Mimi nilipeleka ripoti kwa wiki nzima ikionyesha hakuna kazi hata moja iliyokamilika, na watu walikuwa wanapiga kazi usiku na mchana, nikalazimika kuwaomba radhi wote.

Kuhusu mwenendo, anza LEO kuandika mstari mmoja kila siku kwenye faili: tarehe, zilizo wazi, zilizochelewa, zilizofungwa. Kuja kuijenga historia hiyo baadaye kutoka kwenye kumbukumbu za mabadiliko inawezekana ila ni kazi ngumu, mstari wa kila siku hauna gharama.

Mpenda_Grafu
Kwa nini asiweke Metabase tu, ile programu ya kuchora grafu kutoka kwenye databesi? Ni ya bure na inachora yenyewe

Fundi_wa_Kroni
Ni nzuri ila ni Java, kwenye 2GB ikae na Redmine na databesi zitagombania ramu. Wakiwa na mashine nyingine, sawa, waiunganishe kwa yuza wa databesi mwenye ruhusa ya kusoma tu.

Dada_wa_Ripoti
Nimesahau jambo moja kubwa. Tiketi isiyo na tarehe ya mwisho HAICHELEWI kamwe, kwenye hesabu haitaonekana hata ikikaa mwaka. Weka namba yake peke yake, juu kabisa.

Mratibu_Miradi
Narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Developa ametumia masaa 5 kwa jumla, amesoma databesi moja kwa moja kwa yuza wa kusoma tu. Namba ya dada ndiyo iliyotushtua, tiketi 163 zilizo wazi, 41 hazina tarehe, na nyingi ni za mradi ambao wote tulikuwa tunauona uko vizuri. Bosi sasa anafungua mwenyewe, Ijumaa natoka mapema na wanangu. Limebaki moja, zilizochelewa zinatoka nyingi kuliko tukihesabu kwa mkono.

Fundi_wa_Kroni
Mna tiketi ndogo chini ya tiketi kubwa? Kwa mpangilio wa kawaida tiketi mama inachukua tarehe ya mtoto wake mwenye tarehe ya mbali zaidi, huyo akichelewa na mama anahesabika, kazi moja mara mbili. Hesabu zile tu zisizo na watoto, kwenye jedwali la issues ni zile ambazo rgt = lft + 1.

Mratibu_Miradi
Ndiyo hiyo hiyo! Imeshuka kutoka 38 hadi 29, sawa kabisa na hesabu ya mkono. Asanteni sana wakuu.