Tupeane uzoefu: uliachana na dini yenye masharti makali, uliishije na wasiwasi uliofuata?

Wakuu, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulibeba kimyakimya. Nawalenga waliolelewa, au walioishi miaka mingi, ndani ya dini au dhehebu linalokupangia mavazi, marafiki, mchumba, vitabu vya kusoma na hata mawazo ya kuwaza, kisha wakatoka. Sikusudii tujadili kama Mungu yupo au hayupo, wala sihitaji mtu ataje dhehebu lake. Mijadala hiyo haiishi na kila mtu ameshaisikia. Ninachotaka kujua ni kilichofuata baada ya kutoka: wasiwasi uliwajia kwa sura gani, mliutulizaje, na mlipata wapi sababu ya kuamka asubuhi wakati ile mliyopewa tangu utotoni ilipokwisha nguvu.

Naanza mimi. Nilisoma, nikauliza, nikapima hoja za pande zote, na nilipofikia uamuzi nilikuwa na hakika nao. Kilichonishangaza ni kwamba mwili haukupata taarifa. Jioni za siku ya ibada, saa ileile tuliyokuwa tukitoka nyumbani, moyo ulianza kwenda mbio na viganja vikalowa jasho, nami nimekaa kitini sina ninachokiogopa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu anaweza kuibadili imani yake kwa hoja, lakini hofu aliyofundishwa akiwa na miaka mitano, usiku baada ya usiku, kwa habari za moto na hukumu, imeshakuwa mazoea ya mwili, na mazoea ya mwili huondoka taratibu, kwa mazoezi mengine.

Kwa hiyo nina msimamo ambao nauweka wazi mapema. Wasiwasi unaokuja baada ya kutoka hauthibitishi kwamba ulikosea kutoka, na wala hauthibitishi kwamba ulipatia. Uliowaacha watasema dhamiri inakusuta. Waliotoka zamani watasema hayo ni mabaki ya mafundisho. Mwili unaotetemeka haujui teolojia.

Hali hii si ngeni kwa wataalamu. Tangu 1994 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani umekuwa na kipengele cha tatizo la kidini au la kiroho, kinachotaja waziwazi dhiki itokanayo na kupoteza imani au kuitilia shaka, bila kuihesabu dhiki hiyo kuwa ugonjwa. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Marlene Winell alipendekeza jina moja la jumla kwa dalili za kiwewe kinachosababishwa na dini. Pendekezo lake halijaingia katika miongozo rasmi ya magonjwa, ila wengi wamelisoma wakajiona humo. Karibuni.

Bado Nipo

Asante kwa mada hii, mkuu. Kwetu fundisho lililotawala mengine yote lilikuwa kwamba siku yoyote wateule watachukuliwa ghafla na waliobaki wataachiwa mateso. Nikiwa mtoto, nikirudi kutoka shule nikakuta nyumba kimya, viatu vya mama vipo mlangoni na yeye mwenyewe haonekani, nilisimama palepale na begi mgongoni nikisikiliza. Nilipokuwa mkubwa nikawa na simu, nilimpigia mtu mmoja niliyemhesabu kuwa mcha Mungu kuliko wote ninaowafahamu. Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka tu kujua kama bado yupo duniani. Akipokea, nilisingizia kwamba nimekosea namba.

Niliacha kuliamini fundisho hilo muda mrefu kabla sijaacha kupiga simu. Nilijitahidi kujikataza kuwaza, na hapo ndipo mawazo yalipozidi. Baadaye nikasoma jaribio la Daniel Wegner na wenzake la mwaka 1987, ambapo wanafunzi waliambiwa wasimuwaze dubu mweupe, na wakimuwaza wagonge kengele. Kengele zililia, na walipokuja kuruhusiwa kumuwaza, walimuwaza zaidi ya wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Nilijiona mle. Siku hizi wazo likija naliacha lije, najisemea kwamba lile wazo la kuachwa limefika, kisha naendelea kuvua viatu. Sipigi simu. Naamini kutopiga simu ndiko kulikosaidia kuliko yote, kwa sababu kila simu niliyopiga ilikuwa inaithibitishia hofu kwamba ilistahili kujibiwa.

Kalamu Kavu

Aliyetangulia amegusa penyewe. Mimi nilikuwa na daftari. Kila usiku niliandika dhambi za siku hiyo: jicho lililotazama, wivu, uongo mdogo, wazo lililopita katikati ya sala. Nikimaliza nilianza kujiuliza kama toba yangu ilikuwa ya kweli, kwa hiyo naanza upya. Nilipotoka nililitupa daftari, lakini mchezo uliendelea kwa vazi jingine: nikawa najikagua usiku kucha kama nimemkosea mtu, kama nimesema neno lisilo sahihi, kama nimekuwa mtu mbaya sasa kwa kuwa sina wa kunizuia.

Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo alinieleza kwamba ninachopitia ni aina ya ugonjwa wa mawazo na matendo yanayojirudia, ambao kwa baadhi ya watu hushika mambo ya dhambi na uadilifu badala ya uchafu wa mikono au kufuli la mlango. Tiba yake ni kuikabili hofu kwa makusudi huku ukijizuia kufanya lile tendo la kujituliza. Victor Meyer alichapisha matokeo ya njia hiyo huko London mwaka 1966, na hadi leo ndiyo inayotangulizwa miongoni mwa tiba za mazungumzo za ugonjwa huu. Kwa upande wangu, nilipewa sentensi ya kuandika na kuisoma kwa sauti kila siku: "Inawezekana nimekosea, na sitapata hakika." Nikishaisoma, sitakiwi kutubu, kujitetea, wala kumuuliza mtu anihakikishie. Siku za mwanzo nilitetemeka hadi karatasi ikawa inapiga kelele mkononi. Baadaye sentensi ile ikaanza kunichosha, na mtaalamu akafurahi sana kusikia kwamba nimeichoka, kwa sababu huko ndiko tulikokuwa tunaelekea.

Niongeze kwa wale wanaoambiwa kwamba ni laana ya kuasi: Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kanisa Katoliki, katika karne ya 16 alieleza jinsi alivyoungama na kurudia kuungama makosa yaleyale bila kupata amani, hadi akafikia kuwaza kujiua. Yeye hakuwa ametoka popote.

Asubuhi Nyingine

Mimi jehanamu haikunisumbua hata kidogo. Kilichoniumiza ni watu. Kwetu anayetoka hatamkiwi salamu, na aliyebaki akimsalimu naye anawekwa kwenye orodha. Ndugu zangu wote wapo hai, wana afya njema, najua nyumba wanazokaa, na hakuna aliye tayari kuzungumza nami. Mtu akifiwa, watu humjia. Mimi hakuna aliyenijia kwa sababu hakuna aliyekufa. Mtafiti Pauline Boss ameandika kwa miongo kadhaa kuhusu msiba wa namna hii, ambapo mtu hajaondoka kabisa na wala hayupo, na anasema kinachoumiza zaidi ni kwamba hauna hitimisho. Nilipokutana na maelezo yake niliacha kujilaumu kwamba nachelewa kupoa.

Kifungu cha 18 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kubadili dini yake. Ni kifungu kizuri. Hakiwezi kumlazimisha mama kupokea simu.

Ninachofanya: mara moja kwa mwaka namwandikia mama barua fupi ya habari za maisha yangu, bila hoja wala lawama, na sisubiri jibu. Nimeuacha mlango wazi kwa upande wangu, basi. Kwa yaliyobaki nimelazimika kujifunza urafiki wa kawaida nikiwa mtu mzima, kitu ambacho sikuwahi kukihitaji, maana ndani ya kundi marafiki unakuta wameshapangwa. Ni kazi ya aibu aibu. Unamwalika mtu, anasema ana shughuli, unamwalika tena.

Nusu Njia

Mimi nitakuwa mfupi. Niliacha kundi, sikuacha imani. Bado nasali, ila sasa nasali nikitaka, na nimejiunga na watu wanaoweza kusema "sijui" bila kuogopana. Nawaomba wachangiaji wasione kwamba kutoka kuna kituo kimoja tu cha kufikia. Hata huko nje nimekutana na watu waliotaka kunipangia namna sahihi ya kutoamini.

Mwanafalsafa Mvivu

Nitajibu swali la mwisho la mwanzisha mada, la maana ya maisha, kwa sababu naona wengi mmelikwepa, na mimi mwenyewe nililikwepa kwa muda mrefu kwa kusoma mno.

Ndani ya kundi kila kitu kilikuwa na maana. Mvua ilikuwa baraka, ukame onyo, homa jaribu, na mimi nilikuwa mhusika katika habari kubwa kuliko mataifa yote. Ukitoka, homa inakuwa homa. Kuna nafuu katika hilo, lakini kuna na ubaridi ambao hakuna aliyenitahadharisha juu yake. Nikaanza kutafuta kitu kingine cha kuujaza uwazi wote ule kwa mpigo: siasa, falsafa, mazoezi ya mwili, kila kimoja kwa ukali uleule niliofundishwa. Tabia ya kutaka jibu moja kwa kila kitu ilikuwa imetoka pamoja nami.

Viktor Frankl, daktari wa akili wa Austria aliyenusurika kambi za Wanazi, aliandika mwaka 1946 kwamba tuache kuuliza tunatarajia nini kutoka kwa maisha, tuulize maisha yanatarajia nini kutoka kwetu. Na kwamba maana hupatikana katika kazi unayoifanya, katika mtu au kitu unachokipenda, na katika namna unavyoyapokea mateso usiyoweza kuyaepuka. Nakiri hapo mwanzo hayo yalinifikia kama mahubiri mengine. Yalianza kuniingia nilipoyapunguza ukubwa. Maisha yanatarajia nini kutoka kwangu Jumanne hii? Yupo mtoto wa jirani asiyeelewa hesabu za sehemu. Ninazielewa. Basi. Nilianza kumfundisha, akaleta mwenzake, na baada ya muda niligundua kwamba siku za kufundisha sijiulizi kwa nini ninaishi. Swali halikujibiwa, lilikosa nafasi tu siku hizo, na nimeridhika nalo hivyo.

Jambo jingine linahusu jina tunalojiita. Helen Rose Ebaugh, mwanasosholojia wa Marekani ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa, alichapisha mwaka 1988 utafiti uliotokana na mahojiano na watu 185 waliotoka katika nafasi mbalimbali: utawa, ndoa, udaktari, na kadhalika. Alionesha kwamba anayetoka huwa haanzi upya kabisa. Hubeba nafasi ya aliyewahi kuwa, na watu humtazama kwa jicho hilo. Kwa miaka kadhaa mimi nilikuwa "aliyetoka" na si zaidi ya hapo. Mazungumzo yangu yote yalizunguka kule. Sidhani ni vibaya kupita hapo, hata ukikaa kwa muda. Ila kundi lililokutawala ukiwa ndani linaweza kuendelea kukupangia maongezi ukiwa nje.

Mgeni Mlangoni

Nimesoma yote. Nimetoka hivi karibuni na sijamwambia mtu. Usiku nashindwa kulala. Kifua kinabana nadhani nakufa, na nikidhani nakufa nadhani naenda kuhukumiwa. Wakubwa zangu, nianzie wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, karibu, na pole sana. Anza kwa kumwona daktari wa kawaida akupime moyo, ili usiku ukibanwa kifua ujue kwamba umeshachunguzwa. Ikiwa ni shambulio la hofu, kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka lenyewe. Kaa kitako, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, na usiingie katika mabishano na wazo la hukumu saa nane za usiku. Hoja zako ziache mchana.

Usiwatangazie watu wa nyumbani kabla hujajua utalala wapi na utajikimu vipi wakikukataa. Huo si unafiki, na una haki ya kuchagua wakati. Ukitafuta mshauri nasaha, muulize mapema kama ameshawahi kuwahudumia watu waliotoka katika dini; akianza kukuhubiria akurudishe, au akaanza kuicheka imani uliyokulia, tafuta mwingine. Na usijiunge na kundi lolote linalotaka maisha yako yote kwa mwaka huu wa kwanza, hata kama wana tabasamu zuri.

Mawazo ya kutaka kujidhuru yakija, usisubiri asubuhi wala usisubiri majibu yetu hapa. Nenda hospitali iliyo karibu au mwamshe mtu unayemwamini akupeleke. Tuandikie kesho ulivyolala.