Tallinn kwa siku mbili na watoto

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Sisi tuko Tampere, Ufini, tuna binti wa miaka minane na mdogo wake wa miezi kumi. Mwezi Juni tunataka kuvuka bahari kwenda Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Siku moja inatosha? Na karatasi gani zinatakiwa?

* * *

Marahaba dada.

Nianze na pasipoti, maana hapo ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza nilikwenda bandarini Helsinki na kadi ya ukaazi peke yake, nikijua Ufini na Estonia zote ni Schengen, zile nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani mipakani. Kaunta wakataka pasipoti. Ilikuwa kabatini nyumbani. Meli ikang'oa nanga tukiitazama dirishani, mke wangu kakumbatia hotipoti ya pilau tuliyopanga kuila njiani. Kadi inakuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini iende pamoja na pasipoti ambayo haijaisha muda. Na watoto vilevile, kila mmoja na yake.

Safari ni kilomita 80 hivi, saa mbili au mbili na nusu majini. Tikiti za Ijumaa jioni na Jumapili jioni huwa ghali, kwa hiyo tafuteni katikati ya wiki.

Siku moja inawezekana, ila kwa mtoto wa miezi kumi nakusihi mlale usiku mmoja. Mchana mji wa kale hufurika abiria wa meli za utalii. Jioni wakisharudi melini, vichochoro vinabaki kwenu. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ataelewa: nyumba za wafanyabiashara zimebanana, bahari iko nyuma ya mapaa, na ukipotea unatokea palepale ulipoanzia.

Kigari cha mtoto kiacheni hotelini. Njia zimetandazwa mawe ya mviringo, magurudumu yanakwama na mtoto anatikisika mpaka analia. Mfunge mgongoni kwa kanga.

Kutoka bandarini nendeni kwa miguu, dakika 15 hadi 20, mpite mnara mnene wa Paks Margareeta, mwingie mtaa wa Pikk. Nawaomba msiupite mlango wa nyumba namba 26. Ni wa miaka ya 1640, umechongwa na kupakwa kijani, nyekundu na dhahabu, na juu yake kuna kichwa cha mtu mweusi. Binti yangu aliganda pale. "Baba, huyu ni kama sisi!" Nyumba ilikuwa ya chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa, na mlinzi wao alikuwa Mtakatifu Mauritius, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa askari Mkristo wa Misri. Mwanangu alitaka kujua alifikaje huku kwenye baridi. Tuliongea habari hiyo hadi usiku, na kwangu hiyo peke yake ilitosha nauli.

Mbele kidogo ni uwanja wa Raekoja plats, wenye jumba la mji la mwaka 1404 na duka la dawa lililotajwa tangu 1422, ambalo mpaka leo linauza dawa. Halafu pandeni kilima cha Toompea, kwenye kibaraza cha Kohtuotsa, muone mapaa mekundu na bahari. Mnara wa kanisa la Oleviste una ngazi za mawe, nyembamba na kali. Mmoja wenu apande na binti, mwingine abaki chini na mdogo.

Chakula: soko la Balti Jaam, karibu na stesheni ya reli, lina samaki wa kukaushwa kwa moshi na mkate mweusi. Kwa wasiokula nguruwe, ulizeni kabla ya kuagiza supu ya njegere, mara nyingi huwa na nyama yake.

* * *

Naongezea kwa kaka. Juni jua linatua baada ya saa nne usiku, na hata hapo giza halikolei. Beba kitambaa kizito cha kufunika dirisha, vinginevyo huyo wa miezi kumi hatawalaza. Na koti la upepo kwa kila mtu, mtataka kukaa sitahani.

* * *

Ahsanteni sana. Nimekwenda kufungua droo sasa hivi: pasipoti ya binti yetu inaisha Mei. Kesho asubuhi napiga simu ubalozini Stockholm, tikiti zisubiri kwanza.