Sigara kwenye muvi: acheni kutudanganya eti "maigizo tu"

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa shisha.

Nina hasira. Mtaani kwetu kuna kibanda umiza cha kuoneshea muvi, mabenchi ya mbele yote ni watoto wa shule ya msingi. Juzi nimepita nikachungulia. Steringi ametoka kumaliza maadui, kaegemea gari, anachomoa fegi, anaiwasha taratibu, moshi umejaa skrini nzima. Na mtafsiri badala ya kunyamaza anachombeza: "Hapa mzee anashusha presha kwanza!" Banda zima kicheko. Nje mlangoni kuna dogo ana kijiti cha pipi, kakining'iniza pembeni ya mdomo, jicho moja kalikunja, kiganja kimekinga upepo kana kwamba ana kiberiti. Vilevile kabisa.

Namwambia mwenye banda, ananijibu: "Bro, hayo maigizo tu, mwanao mlee mwenyewe."

Haya, maigizo tu. Sasa kampuni za sigara zilikuwa zinamwaga hela za nini? Mwaka 1983 Sylvester Stallone, Rambo huyu huyu tuliyekua naye, aliandika barua kwa wakala wa kampuni ya sigara ya Brown & Williamson akiahidi kutumia sigara zao kwenye filamu zisizopungua tano kwa dola 500,000. Barua ipo, ilikuja kuanikwa na nyaraka nyingine za kampuni. Mfanyabiashara gani anatenga nusu milioni ya dola kwa kitu kisichouza? Marekani malipo ya namna hiyo yalipigwa stop kwenye makubaliano ya 1998 kati ya majimbo na kampuni hizo. Mwaka 2012 ripoti ya daktari mkuu wa serikali yao ikasema wazi kwamba uvutaji unaooneshwa kwenye filamu unasababisha vijana kuanza kuvuta. Unasababisha. Hakuna "huenda" hapo.

Najua mtakuja na "mbona sisi tuliangalia na hatuvuti". Wangapi wanapanda bodaboda bila helmeti na wako hai?

India tangu 2012 mtu akivuta kwenye filamu, onyo linatokea chini ya picha. Mwongozaji wa Marekani Woody Allen akagoma, mwaka 2013 akazuia filamu yake Blue Jasmine isioneshwe kule. Wahindi wakamwacha na filamu yake, maisha yakaendelea.

Sisi je? Sheria ya tumbaku ya Tanzania ya 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini dukani kwa Mangi fegi inauzwa moja moja na haulizwi mtu umri. Yaani somo bandani, vitendo dukani.

Wanaopanga madaraja ya umri washuke hadi huku vibandani, wasiishie kwenye majumba ya sinema ya mjini. Nyie watafsiri, watoto wanawasikiliza kuliko walimu wao, acheni kuinogesha sigara. Na wewe mwenye banda, najua umo humu jukwaani: mchana weka katuni. Hizo za mafegi weka usiku, na mlangoni simama mwenyewe.