Tupeane uzoefu: kuongeza na kupunguza uzito wa rapala nyumbani

Mleta mada, Shangani, Mtwara

Wakuu, rapala (chambo bandia chenye umbo la samaki) nyingi za dukani zinaelea. Wakati wa kusi ukiirusha dhidi ya upepo inaangukia hapo hapo karibu, na maji ya bamvua (maji makubwa) yakikimbia inapita juu huku chewa yuko chini mwambani. Wenye njia ya kuongeza uzito wamwage vipimo, na waseme nini huharibika.

Naanza na kupima, maana wengi hutoboa kwanza. Jaza ndoo maji ya bahari, siyo ya bomba. Rapala iwe na ndoano zake na vipete vyake (pete za kushikia ndoano) vyote, vile vile itakavyoingia kazini. Katakata chubwi (risasi ya kuzamishia mshipi wa kuvulia) vipande vidogo, vifunge tumboni kwa raba bendi, ongeza kimoja kimoja mpaka izame polepole ikiwa imelala sawa. Kama pua inatangulia, sogeza risasi nyuma kidogo. Weka alama ya kalamu mahali risasi ilipokaa, kisha pima vile vipande kwenye mizani inayosoma gramu 0.1; sonara anayo.

Risasi ikiwa nje hupoteza karibu 1/11 ya uzito wake majini. Kwa hiyo gramu 10 za nje ni sawa na gramu 9 ndani ya rapala ya plastiki yenye uwazi.

Mikindani

Mkuu umesema vema. Hiyo alama ndiyo kila kitu, kuliko hata gramu zenyewe. Risasi ikikaa mkiani rapala inaruka mbali lakini haichezi tena. Ikikaa juu ya mstari wa katikati, inabiringika na kusokota mshipi wote.

Kwa plastiki: toboa tundu la milimita 3 hadi 4 tumboni, pembeni kidogo ya mshono. Ukitoboa kwenye mshono wenyewe nusu mbili zinaachana siku nguru akikamata. Kaa angalau milimita 5 kutoka kishikizo cha ndoano, na kama ndani mna waya unaopita toka pua hadi mkia, usiuguse. Ingiza risasi, mwagia gundi ya epoksi kidogo, laza rapala tumbo chini ili risasi igandie sakafuni. Risasi isiyoganda inatembea, na leo rapala itacheza hivi, kesho vile.

Kuziba ndiko kunakowashinda watu. Ukiziba mchana juani, hewa ya ndani inapanuka na kusukuma gundi nje. Unabaki na kipovu, na tundu jembamba kama la sindano linaloingiza maji. Ziba jioni, kivulini, plastiki ikiwa imepoa. Tumia epoksi ya mirija miwili, nusu kwa nusu, ile ya kukauka saa 24. Ya dakika 5 inafaa kwa dharura tu, ikikaa majini hulainika. Super glue usiitegemee, ni kavu mno na hupasuka rapala ikigonga jiwe.

Lindi mjini

Asiye na mizani atumie gololi za baiskeli. Za gurudumu la nyuma kwa kawaida ni robo inchi, moja ina gramu 1 na ushee. Za mbele ni ndogo, kama gramu 0.44. Unahesabu tu. Ubaya wake zinashika kutu, kwa hiyo zifunikwe na epoksi pande zote. Na tundu lazima liwe la milimita 6.5, kwa hiyo rapala nyembamba isahau.

Usiyetaka kutoboa, zungushia waya wa shaba kwenye shina la ndoano. Waya wa umeme wa milimita za mraba 1.5 ukiumenya, sentimita 10 ni gramu 1.3; wa 2.5 ni gramu 2.2. Lakini shaba na chuma vikikutana kwenye chumvi, ndoano ndiyo inayoliwa. Paka shina rangi ya kucha mara mbili kabla ya kuzungushia, na ukirudi pwani vua waya, suuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi).

Kilwa Masoko

Mimi napinga kidogo. Kwa wanaokokota kwa mashine, gramu 5 za ziada hazipeleki rapala chini kwa maana yoyote. Mwendo ukiwa mkubwa, ule ulimi wa mbele ndio unaoamua kina, na uzito ukizidi unaua mtikisiko. Weka chubwi kwenye mshipi, pima (upana wa mikono iliyonyooshwa) 2 au 3 mbele ya rapala, uiache ilivyo. Kuongeza uzito kuna faida kwa anayerusha, au anayeachia ngarawa ielee na mkondo.

Msimbati

Wanaovua maingilio ya Ruvuma, na hata Lukuledi kule Lindi, angalieni maji. Masika mto ukishuka chumvi inapungua. Rapala yenye ujazo wa sentimita za ujazo 40 hupoteza karibu gramu 1 ya kuelea ikitoka maji ya bahari kwenda maji baridi kabisa. Uliyoisawazisha isimame katikati ya maji baharini, mtoni itazama moja kwa moja. Ya huko iache pungufu.

Mikindani

Nyongeza kuhusu risasi. Wanaoyeyusha wenyewe: tundu au kalibu ikiwa na unyevu, hata tone moja, risasi inaruka usoni. Sufuria ya kuyeyushia isirudi jikoni kamwe, yeyusheni nje upepo ukiwa mgongoni, watoto wawe mbali. Ya betri ya gari msiiguse, ina asidi na moshi wake ni sumu kali. Vipande vya kusawazishia tairi siyo vyote risasi. Vipya vingi ni zinki au chuma. Kwaruza kwa ukucha au msumari, risasi huacha alama kirahisi.

Shangani

Na kupunguza?

Lindi mjini

Anza na ndoano, badilisha za meno matatu uweke ndogo kwa saizi moja. Isipotosha, bandika kipande chembamba cha ndala mgongoni kwa epoksi. Kisha ikokote pembeni ya chombo maji yakiwa shwari. Ikienda kushoto, pinda kile kitundu cha mbele cha kufungia mshipi kulia kwa koleo, nywele tu, ujaribu tena.